Mstari wa Jana

Mvua ilinyesha juu ya theluji usiku kucha, na asubuhi mimi ndiye niliyekuwa na zamu ya kuchora.

Kwa asiyeijua kazi hii, mvua ni mvua tu. Lakini kule kaskazini kabisa, kwenye bahari inayoganda, mwezi ule ulikuwa bado wa baridi kali, baridi ya kumtoa mtu machozi na kuyagandisha machozi yenyewe. Mvua haikuwa na shughuli yoyote huko, wala joto lililoitangulia kwa siku kadhaa. Nilipofungua picha ya setilaiti nikaikuta nyeusi tii, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Nikatukana kwa sauti ya chini. Mkuu wa zamu, ambaye hapendi matusi kabla hajanywa chai, akakohoa.

Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa. Ni chumba kirefu chenye skrini nyingi, feni moja inayolalamika, na birika ambalo kila mtu hulitumia na hakuna anayelijaza. Barafu pekee utakayoigusa humo ni ile ya kwenye friji yetu, nayo haigandi vizuri. Hata hivyo kazi yetu ni kuchora ramani za barafu ya baharini. Meli haziendi kule bila ramani zetu, na watafiti hawakanyagi barafu kabla ya kuzitazama. Picha tunazotumia hupigwa kwa rada, kwa hiyo giza na ukungu havitusumbui: barafu kavu inatoa rangi yake, maji yanatoa yake, na sisi tunapita na kipanya tukiweka mpaka. Kinachotumaliza ni unyevu. Theluji ikilowa, rada huona maji kila mahali, na barafu ya kubeba lori inafanana na bahari ya kulizamisha lori hilohilo.

Kwa siku kama hizo tuna desturi yetu. Karibu na nchi kavu kuna barafu iliyoshikamana na ufuko. Haisukumwi na upepo wala mkondo, imetulia kama sakafu ya nyumba. Usipouona mpaka wake leo, unanakili wa jana. Nilifundishwa hivyo, na aliyenifundisha alifundishwa hivyohivyo, maana zamani barafu hiyo ilikuwa haiondoki hadi msimu uishe, na mstari wa jana ulifaa leo na kesho. Mkuu wa zamu aliipenda desturi hiyo kuliko chai yake. Tunamwita Rula, kwa kuwa hawezi kuona nafasi tupu kwenye ramani akaiacha bila mstari. Ramani yenye pengo, husema, inawatia watu hofu bure.

Basi nikanakili. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, ramani ikaenda, nami nikaenda kulijaza birika, kwa kuwa wenzangu wote siku hiyo waliamka bila mikono.

Juu ya barafu hiyo alikuwepo mdogo wangu. Nyumbani tunamwita Mwiba tangu utotoni, kwa sababu ukimshika vibaya lazima uumie. Mama alikuwa akisema mtoto huyu ukimwambia moto unaunguza, atakuuliza unaunguza kiasi gani. Alikua akasomea wanyama, na katika wanyama wote walioumbwa akawachagua sili, wale wanyama wa baharini wanaozalia kwenye barafu. Sili jike huchimba pango ndani ya theluji, juu ya tundu lake la kupumulia, na humo humficha mtoto wake mwenye manyoya meupe. Manyoya yale yanakinga baridi vizuri sana, ila yakilowa hayana kazi tena, kwa hiyo mtoto anahitaji paa juu ya kichwa chake mpaka anenepe. Mwiba na wenzake wawili, kiongozi wa msafara na fundi wa vifaa, walikuwa wamepiga kambi mbali na ufuko wakiyachunguza mapango hayo. Kila mwaka paa zilizidi kuwa nyembamba na kuanguka mapema, na kila mwaka mdogo wangu alirudi nyumbani akiwa mkimya zaidi. Mtu asiyemjua angedhani ametulia. Mimi nilijua anaomboleza.

Mumewe ndiye mtu wetu wa redio. Shemeji huyu hukaa kona ya chumba, visikilizio masikioni, na yeye peke yake ndiye anayeruhusiwa kusema na watu walioko barafuni, kwa idhini ya Rula. Sisi wachoraji haturuhusiwi, maana sauti zikiwa nyingi watu wa kule huchanganyikiwa. Mimi na shemeji hatukuwa na siku inayopita bila utani. Nilimwambia alioa ili apate mtu wa kumtafutia soksi, naye akanijibu kwamba nia yake ilikuwa kumwoa dada mtu, ila aliogopa ulimi.

Asubuhi ile utani uliisha mapema. Shemeji aliinua mkono kutaka kimya, kisha akafungua kipaza sauti ili wote tusikie. Alikuwa ni kiongozi wa msafara, akihema. Mvua ilikuwa imebomoa paa za mapango, na watoto wa sili wamebaki nje, wamelowa, ndege wakiwashukia. Mwiba aliona mmoja amefukiwa na theluji iliyoanguka, kichwa tu kikitokeza. Akajitosa kumtoa. Theluji ikakatika chini yake, akazama hadi kiunoni kwenye tundu la kupumulia. Wenzake walimvuta akatoka, lakini kifaa cha kuonyesha mahali walipo alikuwa amekivaa yeye, na kikafa palepale. Mahema yalikuwa yameloa chapachapa, jiko halikubali kuwaka, na mabuti ya Mwiba yalijaa maji. Alikuwa ameanza kutohisi vidole vya miguu.

Helikopta isingeweza kuruka kwa ukungu ule. Kiongozi aliomba jambo moja tu, kujua kama njia ya kwenda ufukoni ni salama. Kule kulikuwa na kibanda cha watafiti chenye jiko, kuni na nguo kavu.

Rula akaifungua ramani yangu kwenye skrini kubwa ya ukutani. Mstari ulikuwa pale, mzuri, umenyooka, na kuanzia kambini hadi ufukoni barafu ilikuwa moja. Akatikisa kichwa kumkubalia shemeji, na shemeji akawaambia watembee moja kwa moja, barafu imeshikamana, ramani ya leo kachora dada. Mimi nilikuwa nimesimama na birika mkononi. Niliitamani njia hiyo iwepo. Nilikuwa nimeshamwona mdogo wangu kwenye kibanda, miguu mbele ya jiko, akiwaka kwa hasira kwa sababu wamemtoa kwenye sili zake. Nikanyamaza.

Walitembea. Kila walipopumzika kiongozi alipiga redio, na mara moja alimpa Mwiba aseme na mumewe. Meno yalikuwa yakimgongana, lakini alikuwa anajitia mchangamfu ili mwanamume asiishiwe nguvu. Shemeji alikuwa amerudisha visikilizio masikioni, na walipomaliza akatugeukia anacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa amebanwa kifua. Akatusimulia. Dubu mweupe amewapita, jike na mtoto wake, wote wamekonda mpaka ngozi inaning'inia. Kiongozi alishaandaa bunduki ya fataki za kuwatishia, lakini dubu wenyewe hawakuwa na habari nao. Walitokea kwenye ukungu upande wa ufukoni, wanachuruzika maji. Mama mtu akasimama, akajitupa chini, akajigaragaza kwenye theluji chali, ubavu huu na ubavu huu, na mtoto akamwiga. Kisha wakaelekea upande wa bahari.

"Watu wanakufa kwa baridi," shemeji akasema, "na dubu wanacheza."

Nikaliweka birika chini. Nilikuwa nayajua hayo na nilijua niliyajulia wapi: mezani kwangu, mwaka uliotangulia, Mwiba akijifuta mikono kwa kitambaa changu kizuri huku akinieleza kwamba dubu akitoka kuogelea hujigaragaza kwenye theluji ili imnyonye maji. Theluji ndiyo taulo lake. Na hawa walikuwa wametokea upande wa ufukoni, upande uleule mdogo wangu alikokuwa anakwenda.

Nilisema kuna maji mbele yao. Nilisema haraka, na nadhani nilisema kwa ukali, kwa sababu feni peke yake ndiyo iliyoendelea na shughuli zake. Barafu ya pwani ilikuwa imepasuka. Mvua na joto vimeilegeza, upepo wa kutoka nchi kavu umeisukuma, na wale watatu walikuwa juu ya kipande kilichojitenga, wakitembea kuelekea ukingoni. Katika ukungu ule wasingeuona ufa. Ufa mpya hujaa barafu iliyosagika na theluji juu yake, ukauona uwanja mweupe kama mwingine wowote, hadi uukanyage.

Rula hakukataa kwa ubishi, nimtendee haki. Aliuliza taratibu kama si mvua tu iliyowalowesha hao dubu. Nikamwambia mvua ilikatika alfajiri, na dubu wa kulowa mvua angekuwa ameshakauka, hachuruziki. Akauliza kama nataka tubadilishe ramani kwa sababu ya mnyama aliyejigaragaza. Nikasema ndiyo. Akasema picha mpya ya setilaiti iko njiani, tuisubiri. Nikamwambia wakati picha inafika, wao watakuwa wameshafika pale.

Shemeji alikuwa amevua visikilizio. Sijawahi kumwona uso ule. Alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu aingie katika ukoo wetu akanielekezea kidole.

"Miguu yake imelowa, shemeji. Akisimama anaganda. Unataka nimwambie mke wangu akae kwenye theluji, kibanda kiko mbele yake?"

"Hakifikiki."

"Una uhakika?"

Sikuwa nao. Kama nilikuwa nimekosea, nilikuwa namzuia mdogo wangu asifike kwenye moto, na yeye angeganda kwa sababu ya maneno yangu. Kama nilikuwa sijakosea na nikanyamaza, angezama. Hakukuwa na upande ambao ningetoka nikiwa msafi. Nikamwambia shemeji sina uhakika.

Hapo Rula akaniuliza swali ambalo katika ofisi yetu hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake.

"Huo mstari, uliuona?"

"Sikuuona. Niliunakili."

"Na wa jana?"

"Wa jana nao ulinakiliwa. Na wa juzi. Picha zimekuwa nyeusi tangu joto lianze."

Nikaenda kwenye kiti changu nikaufuta. Pale ukutani, mbele ya kila mtu, kati ya kambi na ufuko pakabaki pengo jeupe lisilo na rangi wala jina. Rula alilitazama kama mtu aliyevuliwa shati hadharani. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kushika mezani. Kisha akasema, bila kuniangalia mimi wala shemeji, kwamba kama hakuna jicho lililouona, hatuwezi kuwatembeza watu juu yake. Waambiwe wasimame.

Shemeji alikaa. Akashika maikrofoni kwa mikono miwili, akaiinua hadi mdomoni, akaishusha. Akaiinua tena. Siwezi kumlaumu, kwa kuwa si kila mtu anaweza kumwambia mkewe aupe moto kisogo. Mwishowe akanisukumia ile maikrofoni juu ya meza na kugeuza kiti chake kikaangalia ukuta.

"Sema wewe. Mimi siwezi."

Nikaita. Kiongozi akajibu upesi, sauti yake ikiwa na nguvu mpya, akasema wanaona weusi mbele ndani ya ukungu, bila shaka ni miamba ya ufukoni, wamekaribia. Juu ya maji wazi ukungu huonekana mweusi, kila mtu wa kazi hii anajua, na yeye pia alijua, lakini tulikuwa tumeshamwambia kwamba ramani inaonyesha barafu moja hadi nchi kavu. Nikamwambia wasimame hapohapo walipo. Akataka kujua ni nani anayesema na kwa sababu gani, wakati ramani iko wazi. Nilimsikia akibishana na mtu pembeni yake. Halafu ikaja sauti nyingine, nyembamba, ya mtu anayekaza taya.

"Dada? Ramani si umechora wewe?"

"Nimeichora mimi. Sikuona kitu, Mwiba. Nilinakili mstari wa jana. Mbele yenu kuna maji."

Redio ilikwaruza. Nilidhani nimempoteza.

"Miguu yangu, dada."

"Najua."

"Huijui."

"Rudini mlikotoka, mfike pale theluji ilipoinuka, mchimbe mjifiche upepo. Vua mabuti, miguu iingie kifuani kwa wenzako. Tunawaletea meli. Rudi, mdogo wangu."

Nyuma yangu niliisikia pumzi ya shemeji. Kisha Mwiba akasema sawa, na kwa sauti ile niliyoijua tangu utotoni, ya kukubali huku amenuna, nilijua wamegeuka.

Saa zilizofuata sitaki kuzisimulia sana. Rula aliongea na nahodha wa meli ya kuvunja barafu iliyokuwa jirani, akamwomba abadilishe njia, na nahodha akageuza bila maswali. Shemeji aliendelea kuita, na majibu yakawa mafupi, kisha yakawa milio tu ya kitufe kinachobonywa na mtu asiye na nguvu za kusema. Hakuna aliyekunywa chai. Picha mpya ilipoingia tuliikimbilia wote watatu. Ilikuwa bado nyeusi kwa unyevu, ila sasa ufa ulikuwa umetanuka mpaka ukingo wake ukaonekana waziwazi, mkali, umepinda, na kati ya ukingo huo na ufuko maji yalikuwa mapana kama mto mkubwa. Nikapima kwa jicho. Walikuwa wamesimama jirani kabisa na mwisho wa barafu.

Niliketi chini, sakafuni, nikalia. Sikujali nani ananiona. Shemeji aliitazama ile picha kwa muda, halafu akarudi kwenye redio yake.

Meli iliwafikia kabla ya giza, ikiifuata milio ile ya redio. Waliwakuta shimoni, Mwiba katikati, miguu yake imefunikwa ndani ya koti la fundi. Alikuwa hai. Madaktari walimkata vidole vyote vya mguu wa kushoto, na vya kulia wakamwachia viwili.

Siku hizi hatunakili. Picha ikiwa nyeusi naacha pengo, na manahodha wanapiga simu kulalamika kwamba ramani zetu zina matundu kama nguo ya maskini. Rula ndiye anayewajibu. Huwaambia pengo lile ndilo tunalolijua, na hukata simu kabla hawajamaliza. Shemeji hanichukii. Angenichukia ningejua la kufanya, ningegombana naye tukamaliza. Ananiamkia kila asubuhi, ananiuliza hali, na ananiita dada kwa adabu zote. Hanitanii tena hata kidogo, na hilo linaniuma kuliko kile kidole alichonielekezea.

Nilikwenda kumwona Mwiba hospitali siku walipomfungua bandeji za kwanza. Kitanda chake kilikuwa dirishani. Alikuwa ameshagombana na muuguzi kuhusu chakula, kisha na daktari kuhusu lini atarudi barafuni, kwa hiyo nikajua anapona. Nilimmenyea chungwa. Alinieleza habari za sili, kwamba mapango waliyoyachunguza msimu ule karibu yote yalibomoka, na yule mtoto wa sili ambaye yeye alizama akimtoa alikufa mikononi mwake akiwa bado ana joto. Aliyasema haya akiangalia nje. Nikamwacha mpaka alipomaliza.

Ndipo nikamuuliza kile kilichokuwa kikininyima usingizi. Yeye ndiye aliyenifundisha habari za dubu kujigaragaza. Alimwona kwa macho yake, kwa karibu, akichuruzika maji, akitokea upande ule. Mimi nilisikia tu habari zake kwa mtu wa pili, nikiwa na birika mkononi, na nikaelewa. Yeye ilikuwaje asielewe?

Mwiba alitafuna kipande cha chungwa, akakimeza.

"Nilielewa palepale," akasema. "Wenzangu niliwaambia ni kidimbwi tu cha mvua, twendeni. Ramani kachora dada yangu, na dada hachori asichokiona."